Msikate mwembe kabla ya kukagua shina

Mhariri,

Kila msimu wa maembe kuna miti michanga inayokatwa kwa kosa moja tu: haijazaa. Naomba nafasi niwasihi wenye miti hiyo waweke shoka chini kwanza.

Waanze na umri. Mwembe wa kokwa huchukua miaka 5 hadi 8, pengine zaidi, kabla ya kuzaa; uliobebeshwa, yaani mche wa kokwa uliounganishwa kikonyo (kijiti cha mwembe wa aina bora), huanza mwaka wa 3 au wa 4. Maua ya miaka 2 ya kwanza yanyofolewe, maana mti mwembamba ukibeba matunda hudumaa.

Kisha, kwa mti uliobebeshwa, chuchumaa uangalie shina. Pale kikonyo kilipounganishwa, karibu sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini, pana kovu. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kovu hilo ni la mche wa kokwa, si la aina uliyoinunua. Likiachwa hupanda kwa kasi, hukifunika kikonyo kwa kivuli hadi kife, na mkulima hubaki anasubiri maembe ya aina ya Kent kwenye mti ambao si Kent tena. Yaondoe machipukizi hayo yangali laini, usawa wa gome, bila kuacha kisiki. Hili ndilo kosa linaloniuma zaidi, kwa sababu kulizuia ni kazi ya dakika chache kila mwezi.

Wengine huuzidishia mti chakula. Urea kila mara na maji mwaka mzima huleta majani mengi, maua hakuna. Mwembe unahitaji ukavu na ubaridi ili utoe maua. Ukishafika umri wa kuzaa, acha maji na mbolea ya kukuzia miezi 2 hadi 3 kabla ya maua. Rudisha maji vitunda vinapolingana na punje ya hindi. Samadi iliyooza, debe 1 au 2, iwekwe mwanzo wa mvua, kuzunguka chini ya ncha za matawi, isiguse shina.

Maua ya mwembe hutoka kwenye ncha za matawi yaliyokomaa. Hapa pwani, anayepogoa Mei anayakata maua ya Julai. Pogoa mara tu baada ya kuvuna.

Maua yakitoka kisha yakapukutika, yachunguze. Ungaunga mweupe ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, na salfa huuzuia ikipulizwa mapema. Maua yakiwa meusi baada ya mvua, hiyo ni chule, ugonjwa mwingine wa ukungu. Tumia dawa ya shaba. Dawa ya wadudu isipulizwe maua yakiwa wazi, kwa kuwa nzi na nyuki ndio wanaoyachavusha.

Hata mwembe wa kokwa hauna haja ya kung'olewa. Ukatwe mita 1 kutoka ardhini, na machipukizi mapya yabebeshwe vikonyo vya mti unaozaa vizuri.

Wenye vitalu nao wafunge kibandiko chenye jina la aina na mwezi mche ulipobebeshwa. Na wewe mnunuzi, kabla hujatoa pesa, omba uonyeshwe kovu.

Bwana shamba mstaafu,
Muheza, Tanga