Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama kuhusu mwaka 2021, iliyosomwa mwanzoni mwa 2022: majiko yalivyozimika na yalivyowaka tena

Ndugu wanachama, mbukwenyi!

Naanzia nyuma kidogo, kwa sababu wanachama wapya wamekuwa wakiniuliza kwa nini mfuko wa umoja wetu wa mama lishe wa Dodoma ulikuwa mtupu walipojiunga. Machi 16, 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu akatangaza kufungwa kwa shule, na vyuo vikafuata. Nchi yetu haikuwafungia watu ndani kama baadhi ya majirani, kwa hiyo wengi hudhani mama lishe hakuguswa. Waulizeni waliokuwa wakipika Ng'hong'hona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Wanafunzi wa UDOM waliondoka na mabegi yao ndani ya siku chache, na aliyekuwa akipika kilo kumi za mchele akashuka hadi mbili, nazo zikabaki.

Kisha ukaja msimu wetu wa mavuno, yaani Bunge la Bajeti. Safari ile liliendeshwa kwa saa chache kwa siku, wageni wakazuiwa. Mbunge mwenyewe hali kwetu, hilo tunalijua. Anayekula kwetu ni dereva wake, na mgeni aliyetoka jimboni kuja kumwona, na bodaboda aliyemleta. Hao wote hawakuwepo. Vyuo vilifunguliwa Juni 1 na shule Juni 29, lakini kufikia hapo wanachama wetu wengi walikuwa wamekula mtaji.

Na Jiji lilifanya nini? Nimeulizwa swali hilo kwa hasira na nimelijibu kwa hasira. Kwa upande wetu maelekezo yalikuwa ndoo ya maji tiririka na sabuni mbele ya kila banda, viti vitengane, anayehudumia avae barakoa. Ni agizo jepesi kwa mwenye bomba. Sisi maji ya visima vya Mzakwe tunayapata kwa mgawo, na wengi tunanunua kwa dumu kwa wenye mikokoteni. Madumu mawili ya kunawisha watu kila siku ni faida ya sahani kadhaa imemwagika chini. Mbele ya Bwana Afya nilisema maneno ambayo leo ningeyapunguza. Wakongwe mnakumbuka miaka ya kipindupindu, chakula cha barabarani kilipokuwa cha kwanza kupigwa marufuku. Safari hii tuliachwa tupike, na ndoo ndiyo iliyotutetea. Kwa hiyo kamati inapendekeza ndoo zibaki hata korona ikiisha kabisa, na gharama ya sabuni itoke kwenye mfuko wa pamoja. Tutapiga kura baadaye.

Sasa mwaka wenyewe wa 2021. Ulianza vibaya. Februari misiba ilifuatana, na mfuko wa rambirambi ukatoa kuliko ulivyoingiza. Machi 17 tukampoteza Rais Magufuli, aliyeupa mji huu hadhi ya jiji Aprili 26, 2018. Siku alipoagwa Uwanja wa Jamhuri, mji ulijaa watu kuliko Nanenane yoyote niliyowahi kuiona, na bado wengi wetu hatukuwasha jiko. Hatukushauriana. Kila mmoja aliamua nyumbani kwake.

Julai 28 Rais Samia alichanjwa hadharani, na chanjo ya dozi moja ikaanza kusambaa mikoani. Kamati haikumlazimisha mwanachama yeyote. Niliwasikia waliosema ukichanja hutazaa. Aliyekuwa akilisema kwa sauti kubwa kuliko wote ana wajukuu saba, sijui alikuwa akiogopa nini. Wahudumu wa afya walipotufuata kwenye biashara mimi nilichanja, mkono ukauma siku mbili, nikaendelea kukuna nazi. Mwezi huohuo wa Julai tozo za miamala ya simu zilianza, na wateja wetu wa kulipa kwa simu wakarudi kwenye noti. Zilipunguzwa baadaye, lakini mteja akishazoea kubeba noti humrudishi haraka.

Ahueni ya kweli, kwa macho yangu, ililetwa na tofali. Oktoba 10, hapahapa Dodoma, Rais alizindua matumizi ya shilingi trilioni 1.3, mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kupambana na makali ya UVIKO-19. Ndani yake kulikuwa na madarasa 15,000 nchi nzima, kila darasa milioni 20, yakamilike mapema ili watoto wa kidato cha kwanza waingie wote kwa pamoja Januari 2022. Kama taifa lifaidike au liumie kwa kukopa, mjadala huo wakubwa wameufanya na tumeona ulivyoishia, Spika Ndugai akajiuzulu. Mimi naangalia njia fedha ilikopita. Ilishuka halmashauri, ikaenda shuleni, na kazi wakapewa mafundi wa mitaani badala ya makampuni makubwa. Kampuni kubwa huja na mpishi wake. Fundi wa mtaani anakuja na mwiko wa kujengea tu, na ikifika saa nne anatafuta chai na chapati, saa saba ugali maharage na mlenda. Kazi ilipokwenda hadi usiku, na uji wa usiku uliuzwa. Wanachama waliokuwa wameacha biashara kabisa walirudi kwa sababu ya madarasa hayo.

Doa lilikuwepo. Msimamizi mmoja wa mafundi, jina nalihifadhi, alikula kwa daftari yeye na vijana wake wiki tatu, kazi ilipoisha simu yake ikawa haipatikani. Mwanachama wetu aliyempikia yupo hapa, amekaa safu ya nyuma, na ameniruhusu niseme. Tumemkopesha kidogo kutoka mfukoni aanze upya. Kuanzia leo, anayelisha kikundi kwa daftari achukue sahihi kila baada ya siku tatu na nakala ailete kwa katibu.

Suala la mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya Jiji siwezi kulipita kwa haraka, maana humo nina kosa. Mikopo hiyo haina riba: asilimia nne ni ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu. Vikundi viwili vya wanachama wetu vilipata. Kimoja kilinunua majiko ya gesi na masufuria makubwa ya pamoja, na marejesho yake yanakwenda vizuri. Cha pili kiligawana fedha siku ileile, kila mmoja akaondoka na fungu lake kama mtu aliyetoka kwenye harusi. Ada ya mtoto ikalipwa, bati likanunuliwa, na marejesho sasa yanasuasua. Mimi nilisaini barua ya kuwatambulisha bila kuuliza watafanya nini na fedha hizo. Sahihi yangu ipo na siikani. Tumewaomba wanakikundi walete mpango wa marejesho kabla ya Aprili, Bunge likiwa linarudi na mauzo yakiwa yamepanda.

La mwisho ni hifadhi ya barabara. Wenzetu walioondolewa pembezoni mwa barabara pamoja na machinga wameulizia sana soko la wazi linalopangwa upande wa Barabara ya Bahi. Ninachoomba ni kwamba tusisubiri majina yaandikwe ndipo tuanze kukimbizana. Katibu anaandikisha leo mlangoni: jina, aina ya chakula, na mahali ulipokuwa ukipikia. Mnaouza maandazi tu, nanyi mjiandikishe, msijione wadogo.

Hesabu zote zipo kwa mweka hazina, pamoja na deni la turubai ambalo mmelinong'ona tangu asubuhi. Mama, karibu mbele uzisome.