Barua kwa mdogo wangu aliyelia kisa kiatu

Mdogo wangu,

Ile vois noti yako ya jana usiku nimeisikiliza mara tatu. Dakika nne nzima, tatu za kwanza ni kilio tu alafu mwishoni unasema "dada nimemchapa mtoto kisa kiatu, mi ni mama gani". Nilitaka nikujibu kwa sauti nikashindwa, ukuta wetu unaujua, ukikohoa chumbani mpangaji wa pili anakwambia pole. Ngoja niandike tu, na naandika hadharani maana najua kuna wenzio kibao leo wamefoka kisa soksi.

Kwanza kiatu kimoja kupotea saa kumi na moja na nusu alfajiri huku gari la shule linapiga honi nje, aisee hiyo kitu inamfokesha hata shehe. Mi wiki ile nilipiga kelele mpaka jirani akagonga kuuliza kuna mwizi? Kumbe mtoto kamwaga uji kwenye sare, sare yenyewe nimeikausha usiku kucha kwa feni, alafu kasimama anautazama ule uji, hata hakimbii.

Baadae nikajiuliza mbona Jumamosi saa nne akimwaga juisi nampa tambara afute na tunacheka? Nikaanza kuandika kwenye kalenda ya jikoni, kila nikifoka naweka saa, basi. Nimefanya wiki mbili. Yani karibu zote zimeangukia alfajiri kabla ya gari, na jioni kuanzia saa kumi na mbili mpaka wanalala. Hasira zangu zina ratiba kushinda daladala.

Sa piga hesabu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo, mtoto wa miaka 3 au 4 alale masaa 10 mpaka 13 kwa siku, na ule wa mchana unahesabiwa humo humo. Wa kwangu alikua analala saa nne usiku baada ya katuni, saa kumi na moja namtoa kitandani kama gunia, hayo ni masaa 7! Na mimi nalala saa sita maana kuna vyombo. Watu wawili hawajalala wanatafutana na kiatu gizani, unategemea nini hapo.

Nilichobadilisha ni saa. Wakitoka shule tu, kabla hata ya kuvua sare, wanakuta viazi vitamu au ndizi za kuchemsha mezani, maana kile kilio cha saa kumi na moja jioni nilikua nakiita deko, kumbe njaa, mtoto kala saa sita mchana unamsubirisha ugali mpaka saa mbili. Kuoga mapema, kula saa kumi na mbili na nusu, saa moja tivii inazimwa. Shemeji yako mwanzoni alinuna, eti tunakula kama wagonjwa wodini, nikamwambia wewe chako kiko kwenye hotpoti, ukitoka kwenye foleni utakikuta. Wiki ya kwanza walilia mpaka nikatamani kuwarudishia katuni zao. Viatu vyote viwili vinalala kwenye beseni mlangoni.

Usidhani sasa kwangu ni peponi. Maji yakikatika siku mbili ratiba yote inakufa, siku hizo nawafuta miguu na kitambaa wanalala na vumbi lao, hakuna aliyekufa kwa vumbi la siku moja.

Na la kuchapa, mi pia nimechapa. Nilimwambia mwanangu samahani, mama akasikia akacheka mpaka akakaa, "unamuomba msamaha mtoto?", alafu akaja na ile yake ya mbona sisi tulilea saba. Nampenda mama ila hapo hapana. Alilea saba bibi akiwa chumba cha pili, uwanja uko nje, sisi tunatoka asubuhi tunarudi tukisikia njaa. Mi geti limefungwa, mpira ukigonga ukuta mwenye nyumba anatoka na kanga kifuani. Na huyo baba unayeambiwa akusaidie, sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 ilimpa siku 3 za likizo mtoto akizaliwa. Siku 3, hata kitovu hakijadondoka.

Kwahiyo wewe usianze na maombi ya kuwa mvumilivu, anza na kalenda, andika saa tu. Na Jumapili nakuja, nitashinda nao, we ukalale, sitaki kukuta umepika wala umedeki.

Na kile kiatu kama bado hamjakiona, fungua lile sufuria kubwa la chini ulilopewa kwenye kitchen party. Wa kwangu ndo anafichaga huko.

Dada yako