Mchango wa projekta ya skuli yetu: bado shilingi 2,260,000

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, wanafunzi wa zamani, na ndugu mliopo Unguja, Dar, Mombasa, Muscat na kwengineko: tunajua mmeshachoka na sisi. Juzi tu tulikujieni kwa tangi la maji, mkatoa. Lakini sikilizeni kwanza lililotokea Kidato cha Pili.

Somo lilikuwa volkano. Mtoto wa Pemba anaijua mikarafuu na mikoko. Mlima unaotapika moto ataujulia wapi? Mwalimu akafungua video ya Ol Doinyo Lengai, ule wa Arusha, kwenye simu yake, akaipitisha dawati kwa dawati. Wanafunzi 71. Safu ya tatu simu ikalia: mama yake mwalimu, anauliza samaki wa leo nani atanunua. Darasa zima kicheko. Safu ya tano chaji ikaisha, na kengele nayo ikagongwa. Kwenye jaribio la wiki ile, mtoto mmoja wa nyuma akachora tanuri la chokaa linalofuka moshi, akaandika chini yake: volkano. Karatasi ile tunayo ofisini, na kila tukiitazama tunaona haya sisi, si yeye.

Yupo na mwengine asiyesikia vizuri. Huwa anamsoma mwalimu midomo, basi mwalimu akigeukia ubao tu, somo limeshampita. Video yenye maandishi chini ingemfaa sana.

Tunataka projekta (1,300,000), laptopu (900,000), spika, stabilaiza na mapazia (400,000), na kabati la chuma la kufungia (300,000). Jumla 2,900,000. Walimu na kamati tumeshatoa 640,000. Intaneti si lazima. Video tutazipakua mjini tuje nazo.

Umeme upo. Tangu 2010 unavuka bahari kutoka Tanga kwa waya wa chini ya maji. Utoke masafa yote hayo, uje kuwasha taa moja ya ofisini?

Mtauliza: na zile kompyuta mbili za mwanzo? Mna haki. Moja iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu, ya pili ililiwa na vumbi. Ndiyo maana safari hii kuna stabilaiza na kabati. Funguo mbili: moja kwa mwalimu mkuu, moja kwa kamati. Risiti zitabandikwa nje ya ofisi na kutumwa kwenye kundi, sheha akiwa shahidi.

Banda hilo la madarasa mlilijenga nyinyi. Kinamama walibeba mchanga kichwani, na wenye mikarafuu walitoa pishi pishi mpaka bati likapatikana. Na jezi za timu, mwezi uliopita, zilipatikana kwa siku nne. Hapo hatuongezi neno.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa mtu akifa amali zake hukatika ila tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemuombea. Hapa mbili mnazipata kwa mchango mmoja, na ya tatu inshaallah kwa dua za watoto hawa.

Namba ya kutumia ipo kwa katibu. Mtafuteni kwenye kundi. Mwisho ni Ijumaa ijayo, baada ya sala tunahesabu mbele ya watu. Asiye na fedha aje Jumamosi asubuhi na brashi: ukuta wa darasa lazima upakwe chokaa nyeupe, ndio utakuwa skrini yetu.

Kamati ya Skuli