Tuiandike pia barafu iliyo ndani ya miamba

Mhariri,

Habari za ongezeko la joto duniani zikifika milimani, karibu kila mara huishia kwenye picha mbili zilizowekwa sambamba: kilele kilivyokuwa cheupe zamani na kilivyo leo. Sina ugomvi na picha hizo. Ninachoomba ni nafasi kwa barafu nyingine, ambayo hakuna kamera inayoinasa kwa sababu imo ndani ya mlima wenyewe. Ni mgando wa kudumu, yaani ardhi au mwamba ambao joto lake halipandi juu ya sifuri kwa angalau miaka 2 mfululizo. Tabaka la juu huyeyuka kila majira ya joto, kwa kawaida mita chache tu, kisha huganda tena. Chini yake hukaa baridi ya miaka na miaka, na mara nyingi barafu iliyojaza nyufa.

Barafu hiyo ndiyo saruji ya vilele vingi virefu, na haingoji kuyeyuka ndipo ilegee. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba mshiko wa ufa uliojaa barafu hupungua sana joto likikaribia sifuri, hasa kuanzia nyuzi 1.5 chini yake. Mlima unaweza kuwa bado umeganda kabisa kwa mujibu wa kipimajoto, na papo hapo ukawa umeanza kuachia. Maji ya theluji yakipata njia ya kupenya, mambo huenda kasi zaidi: yanapeleka joto chini hadi kina ambacho lingechukua muda mrefu kukifikia kwa kupita kwenye jiwe tupu, na yakizibiwa pa kutokea yanausukuma mwamba kutoka ndani.

Mwaka 2003 Ulaya ilipopigwa na joto kali, miamba iliporomoka sehemu nyingi za Alpi. Mwezi Julai sehemu ya njia ya kawaida ya kupandia Matterhorn ilivunjika, na makumi ya wapandaji wakaondolewa kwa helikopta. Miaka miwili baadaye, Juni 2005, nguzo ya Bonatti kwenye mlima wa Drus, iliyoheshimiwa na wapandaji tangu 1955, ilianguka na kutoweka.

Wapo watakaosema milima imeanguka tangu dunia iumbwe. Ni kweli, na sisemi kila jiwe linaloviringika ni kazi ya tabianchi. Aina ya mwamba, mpasuko wa zamani, matetemeko, mvua na kurudi nyuma kwa mito ya barafu iliyokuwa ikiuegemeza mteremko, vyote vina sehemu yao. Lakini joto la ndani ya milima limepimwa, na vipimo havina utata. Huko Uswisi, mwaka 1987, kilichimbwa kisima cha utafiti chenye kina cha mita 58 mahali paitwapo Murtèl, na vipimajoto vikaachwa humo. Kutokana na kazi za namna hiyo katika nchi nyingi tunajua kwamba kati ya 2007 na 2016 mgando wa kudumu wa milimani ulipata joto kwa wastani wa nyuzi 0.19 duniani kote. Uchunguzi wa milima ya Ulaya uliochapishwa mwishoni mwa 2024 ulikuta sehemu ambako, kwenye kina cha mita 10, joto lilikuwa likipanda kwa zaidi ya nyuzi 1 katika muongo mmoja. Kwenye mlima wa Schilthorn, tabaka linaloyeyuka kila mwaka lilikuwa na unene wa takriban mita 5 vipimo vilipoanza. Sasa limepita mita 10.

Hapa naomba msomaji avumilie kidogo, kwa maana hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Sehemu zinazopata joto haraka zaidi ni zile za baridi kali zenye barafu kidogo ndani yake. Zile zilizojaa barafu, na ambazo tayari zimeukaribia sifuri, huonekana kama zimetulia: mstari kwenye grafu unalala, mwaka baada ya mwaka, na mtu asiyejua atasema hapa hakuna tatizo. Sivyo. Joto linaingia kama kawaida, ila linatumika kuyeyusha barafu badala ya kupandisha kipimo. Utulivu huo wa grafu unaweza kuwa ndio wakati mlima unapopoteza kilichoushikilia. Ndiyo maana watafiti hupitisha pia umeme ardhini kupima ukinzani wake, kwa kuwa barafu huuzuia umeme na maji huupitisha, na hapo hujua ni kiasi gani kimekwisha kugeuka maji.

Theluji nayo ina tabia ya kushangaza. Ikianguka mapema na kwa wingi, huizuia ardhi isipoe wakati wa baridi. Ikichelewa, baridi huingia vizuri. Kwa hiyo majira mamoja yenye theluji chache yanaweza kuupa mlima nafuu ya muda, na nafuu hiyo ikatangazwa kuwa habari njema. Kwenye mgando wa kudumu mwaka mmoja hausemi lolote. Joto la juu huchukua takriban nusu mwaka kufika mita 10 chini, na kwenye kina kikubwa huchukua miongo mingi. Joto tulilokwisha kuliachia leo bado liko njiani kwenda chini.

Gharama yake ni maisha ya watu. Tarehe 23 Agosti 2017, takriban mita za ujazo milioni 3 za mwamba zilianguka kutoka Piz Cengalo, Uswisi. Watembeaji 8 walipoteza maisha bondeni. Matope yalipofika kijiji cha Bondo, kengele ya tahadhari, iliyowekwa baada ya maporomoko ya awali, iliwawezesha wakazi kuondoka wakiwa hai. Tarehe 7 Februari 2021, huko Chamoli nchini India, mwamba na barafu vya mita za ujazo zipatazo milioni 27 viliporomoka, vikageuka mafuriko ya matope na kufagia mitambo ya umeme wa maji. Zaidi ya watu 200 walikufa au kutoweka. Kisha Mei 2025, huko Uswisi tena, mawe kutoka mlima wa Kleines Nesthorn yaliulemea mto wa barafu wa Birch hadi ukaanguka na kukifukia kijiji cha Blatten. Wakazi wapatao 300 walikuwa wamekwisha kuhamishwa siku kadhaa kabla, kwa kuwa mteremko ulikuwa ukiangaliwa. Alikufa mtu mmoja. Nyumba hazikuokolewa, lakini mtu yeyote na alinganishe Blatten na Chamoli, kisha aniambie kama fedha za kupima mlima ni anasa.

Kuna pia maji, ambayo huandikwa kwa nadra zaidi. Katika milima mikavu ya Andes, lundo za mawe zilizochanganyika na barafu, zinazoteleza polepole kuelekea bondeni, huhifadhi maji chini ya ngozi ya mawe inayoyakinga na jua. Ajentina ilipitisha sheria mwaka 2010 ya kulinda maeneo hayo pamoja na mito ya barafu ya kawaida, hatua ninayoiona kuwa ya busara kubwa. Na kinachoyeyuka si kisafi kila mahali. Katika ziwa dogo la Rasass, kaskazini mwa Italia, maji yanayotoka kwenye mawe ya namna hiyo yalikutwa na nikeli iliyozidi mno kiwango kinachoruhusiwa kwa maji ya kunywa. Anayepanga bomba la maji chini ya mteremko kama huo anahitaji kujua hilo kabla ya kuchimba mtaro.

Ombi langu kwa wenye mamlaka ni kwamba visima vya vipimo viendelee kuhudumiwa hata pale mradi wa utafiti unapofikia kikomo, maana rekodi iliyokatika miaka 5 haiwezi kurudishwa kwa fedha yoyote. Ramani za hatari zichorwe upya kwa kuzingatia joto la ardhi, kabla ya kuidhinisha hoteli, bwawa au nguzo za magari ya kamba mahali pa juu.

Na kwako Mhariri, siku mlima mwingine utakapoanguka, tafadhali usiwaachie waandishi wako waishie kwenye idadi ya waliokufa na kiasi cha mvua iliyonyesha. Wamuulize anayehusika: je, mteremko huo ulikuwa na kipimajoto ndani yake? Kiangazi kilichopita uliyeyuka hadi kina gani? Nani aliyesoma vipimo hivyo, na alimwambia nani?

Wako katika kujali,
Msomaji wa siku nyingi