Mhariri, mbona watunzi wa muziki wa muvi hamuwataji?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, najua mnabanwa na matangazo lakini hili limenikaa kooni wiki nzima sasa. Mwandishi wenu wa burudani kaandika juzi kuhusu muvi kumi anazozipenda, kaandika vizuri tu, steringi kasifiwa, mwongozaji kasifiwa, mpaka magari yaliyolipuliwa yamesifiwa, alafu alipofika kwenye muziki kaandika hivi: "muziki wake nao ni mzuri". Basi. Maneno matano kisha huyoo kahamia muvi nyingine. Nani kautunga huo muziki? Mzuri kwa lipi? Jamani.

Nieleze kwanini imeniuma. Mi sinema nimeanza kuisikia kabla sijaiona. Hapa Tanga tulikuwa na Majestic, na sisi watoto wa Ngamiani hela ya tiketi ilikuwa ni ya Idd kwa Idd, siku nyingine zote tunakaa nje ubavuni mwa jengo, kule juu kulikuwa na matundu ya kupitisha hewa, na joto la Tanga mnalijua, hawawezi kuyaziba, kwahiyo sauti yote inatoka. Tunakaa pale na karanga zetu za kugawana, mmoja akikohoa anakula kofi. Huoni kitu, ni ukuta na mijusi tu, lakini unajua saa hii wanapigana, saa hii wanapendana, saa hii kuna mtu anakufa na ni mtu mwema maana violini zinalia, angekuwa jambazi zisingemlilia.

Sholay nimeisikia mara tatu kabla ya kuiona hata mara moja. Picha ya 1975 hiyo, kaiongoza Ramesh Sippy, muziki kapiga R.D. Burman, na kule kwao Bombay ilikaa kwenye ukumbi mmoja unaitwa Minerva zaidi ya miaka mitano. Sasa kuna sehemu ilikuwa inatutesa pale nje. Muziki wote unakatika, alafu unasikia kitu kinafanya kwiii, kwaaa, kwiii, kwaaa, kama mlango usiotiwa mafuta, na ndani ukumbi mzima kimya, hata wale wahuni wa siti za mbele wanaopigaga miluzi wamenyamaza. Tukabishana sana. Mmoja anasema kitanda, mwingine anasema mkokoteni. Nilikuwa na kaka yangu mtoto wa mama mkubwa, yeye alikuwa kibarua bandarini hivyo anaingia ndani kama bwana mkubwa, alipotoka nikamkimbilia.

"Kaka, kile kinacholia kwiii ni nini?"

"Bembea," akasema. "Wameuliwa nyumba nzima, wamelazwa uani wamefunikwa shuka, upepo unavuma, bembea inakwenda peke yake."

Usiku ule sikulala, wallahi. Na sikuona kitu mimi, nilisikia bembea tu!

Sehemu ya pili tulidhani mashine imeharibika. Maana picha ya kihindi tuliyoizoea sisi haitulii, kuna kuimba, kuna ngoma, kuna kofi linalia kama bunduki, mara ghafla unasikia kinanda cha mdomo kinapigwa taratibu, peke yake, hamna anayeimba, hamna anayeongea, kidogo tu alafu kinaisha. Nikamuuliza tena kaka. Akaniambia Amitabh Bachchan, mmoja wa masteringi, kakaa nje usiku anapiga kile kinanda, na juu barazani kuna mjane kijana kavaa nyeupe anazima taa, moja, alafu nyingine, na hawasemeshani. Nikamwambia sasa mbona watu wametulia vile na hamna kinachotokea? Akacheka akasema utaelewa ukikua.

Nilikuja kuiona Sholay yenyewe nikiwa mtu mzima, kwenye kibanda umiza kimoja barabara ya 12, mkanda umechakaa mistari inapita usoni kwa Amitabh, na ilipofika pale pa kinanda nikajikuta nimefumba macho. Nimelipa hela yangu alafu nafumba macho! Nadhani nilitaka kuisikia kama nilivyoizoea.

Kila mtu akitaja Sholay anakimbilia Mehbooba Mehbooba, na kweli ule wimbo ni moto, R.D. Burman kauimba mwenyewe kwa ile sauti yake ya kukwaruza, harusi ngapi tumeurukia. Lakini kwangu mimi kile kinanda cha mdomo kina kazi kubwa zaidi kuliko wimbo wowote mle ndani, maana kimewasemea watu wawili ambao mila haiwaruhusu kusema. Alafu Wahindi wanajua masikio ya watu yanataka nini, Sholay ilitolewa mpaka santuri ya maneno matupu, yaani siyo nyimbo, ni Gabbar Singh, yule jambazi wa mle ndani, anaongea na kucheka, na kuna mwenye duka la vitambaa alikuwa anaiweka dukani, sisi tunasimama mlangoni tunaikariri wala Kihindi hatukijui.

Na msidhani ni utoto wetu tu. Wakubwa wa taarab kule Mombasa kisima chao kimoja kilikuwa hichohicho, Juma Bhalo alichukua sauti za nyimbo za picha za kihindi akazitia mashairi ya Kiswahili, na mama zetu wakaziimba jikoni wakiwa hawana habari kwamba zimepanda meli kuja huku.

Kwahiyo mi kipimo changu cha saundi treki ndo hicho cha ukutani. Niweke nje, nisione kitu, je nitajua nini kinaendelea? Na je kesho nikiisikia popote nitakumbuka ni wapi pale?

Chukua ile muvi ya papa ya Spielberg, Jaws, nayo ya 1975. Noti mbili. Mbili tu, zinaanza mbali polepole alafu zinakusogelea. John Williams alipompigia Spielberg kwenye piano mara ya kwanza, Spielberg alicheka, alijua anataniwa. Kumbe yule papa wa mashine waliomtengeneza alikuwa anawagomea baharini kila leo, ikabidi afichwe, hivyo sehemu kubwa ya muvi humuoni, unamsikia tu. Muziki ndo papa mwenyewe. Mi nimezaliwa pwani, nimeoga Raskazone tangu sijui kuvaa kaptula, na baada ya kuiangalia ile kitu kwenye deki ya jirani nikawa naoga maji ya magoti kwa mwezi mzima huku wenzangu wananicheka.

Au ile Psycho ya 1960, pale bafuni. Hitchcock alitaka pasiwe na muziki kabisa pale, mtunzi wake Bernard Herrmann akakaidi akauandika, vyombo vya nyuzi vitupu muvi nzima, na pale bafuni violini zinapiga mayowe kama mtu ananoa kisu kwenye sikio lako. Hitchcock akasikiliza, akakubali. Sasa niambieni nani katutisha, mwenye kamera au mwenye violini?

Kwenye picha za makauboi huko ndo nikianza simalizi. Ennio Morricone, Mtaliano, kwenye ile ya 1968 Once Upon a Time in the West alitunga muziki kabla kamera haijawashwa, mwongozaji Sergio Leone akawa anaupiga pale pale wanapoigizia, waigizaji wanatembea kwa kuufuata muziki. Ndo maana mtu akishuka kwenye treni mle ndani anashuka kama anaingia kwenye ngoma. Steringi hana hata jina, wanamwita kwa kinanda chake cha mdomo (kinanda cha mdomo tena, nadhani nina ugonjwa nacho), anakipiga badala ya kujibu, na unakaa karibu muvi nzima unajiuliza kwanini huyu bwana anapiga hiki kitu kibaya hivi, kinauma masikio, mpaka mwisho kabisa unaonyeshwa alikipatia wapi. Sisemi. Katafuteni muangalie. Na huyo Morricone pamoja na yote hayo Oscar ya kushindania kaja kuipata 2016 akiwa na miaka 87, hapo kabla walimpa ya heshima tu, kwahiyo Mhariri hamko peke yenu kwenye kuwasahau hawa watu.

Watoto wangu wao wananiambia Lion King, ile ya 1994. Sibishi. Ule mwanzo jua linachomoza na mtu anapaza sauti, yule ni Lebo M wa Afrika Kusini, na pale wengi tunaimba maneno ya kujitungia, kumbe ni Kizulu cha kawaida tu, anasema simba huyo anakuja, baba. Hamna zaidi. Muziki wenyewe ni wa Hans Zimmer, Mjerumani, aliyefiwa na baba yake akiwa na miaka sita, alafu kapewa muvi ya mtoto aliyefiwa na baba. Mi nikishajua hilo sikuweza tena kuisikiliza ile sehemu ya bondeni, pale simba baba anapokufa, nikiwa na wajukuu, nasingizia naenda kuzima jiko. Kuhusu ule wimbo wa mle ndani wa hakuna matata nanyamaza, sisi Tanga tunasema hamna shida, ila mtalii ukimwambia hamna shida anakuangalia kama hujui Kiswahili.

Wanaijeria nao nawapenda kwa ukaidi wao, muziki wao unakuhadithia muvi nzima kabla haijatokea. Mama wa kambo hajamwekea mtu sumu bado, wimbo umeshakwambia we mama mbaya Mungu anakuona na kichaa kinakuja. Watu wanacheka, lakini kwa kipimo changu cha ukutani Mnaijeria anafaulu kwa alama zote, nje pale nisingehitaji hata kumsubiri kaka. Nyingi za zile nyimbo kaimba Stanley Okorie, na hilo jina nimelipata kwa kutafuta mwenyewe YouTube, siyo gazetini.

Sasa twende nyumbani. Mwezi uliopita nimeangalia muvi yetu moja, jina naliweka kabatini kwasababu sitaki ugomvi. Kuna dada kaigiza mama anayeambiwa hospitalini mwanae hayupo tena. Yule dada anaweza! Midomo inamtetemeka, hatoi machozi hata moja, anakunja tu kanga, anakunja, anakunja mpaka imekuwa kama kitambaa cha mkononi. Na juu yake wamemwaga kinanda cha kompyuta kinalia kwa nguvu mpaka daktari anachosema hukisikii, na kinanda hichohicho, biti hiyohiyo, dakika kumi nyuma kilikuwa kinapigwa wakati jamaa anaosha gari. Kuosha gari na kufiwa, muziki mmoja. Alafu ikaja harusi, bibi harusi anaingia ukumbini anatabasamu, wakaweka ile filimbi ya Titanic. Meli inazama, sisi tunapiga vigelegele. Nikamwambia mke wangu hii ndoa haifiki Ijumaa.

Pale kwenye kanga, ingekuwa mi ndo nahusika, ningezima kila kitu. Niache feni ya hospitali tu, ile inayogonga. Bembea yetu ingekuwa hiyo.

Na msiniambie watu hawapo. Bagamoyo kuna TaSUBa, kile chuo cha sanaa, wanafundisha muziki, Unguja kuna chuo cha muziki pale Mji Mkongwe vijana wanatoka na udi na ganuni mkononi, hapa Tanga kwenyewe taarab imelelewa. Ila mtunzi anapigiwa simu muvi imeshakatwa imebaki siku mbili iingie sokoni, anaambiwa weka kitu cha huzuni hapa na kitu cha kuchangamka pale, hela tutaongea, na jina lake likiandikwa mwishoni televisheni wanakata kupisha tangazo la sabuni. Nani atajitesa kutunga kwa namna hiyo?

Ombi langu kwenu ni dogo tu. Mkiandika muvi, iwe ya Hollywood au ya Manzese, andikeni na jina la aliyepiga muziki, mstari mmoja, haumalizi karatasi. Maana sisi wa ukutani tumebaki na muziki kichwani hauna mwenyewe. Mi nina mmoja nautafuta zaidi ya miaka 40. Ilikuwa picha ya usiku, mvua inanyunya, tumebaki watoto wawili tu pale nje, na nina hakika siyo Sholay. Ni filimbi peke yake inapanda, inakatikia juu kabisa kama imekosa pumzi, kimya, ngoma mbili za mbali, alafu mwanamke anacheka kidogo, sio kicheko cha furaha. Kaka siku ile alikuwa zamu ya usiku bandarini, hakuingia, na sasa ni marehemu. Nimewapigia miluzi Wahindi wote wazee ninaowafahamu mjini hapa, kila mmoja ananitajia picha yake, nikienda kuitafuta siyo. Kama kuna msomaji aliyekuwa ndani ya ukumbi usiku ule, au anayeijua hiyo filimbi, naomba aandike kwenye ukurasa huuhuu, jina la picha na jina la mtunzi.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga