Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mahandaki ya Maboma Yetu

Ndugu wanachama,

Hesabu za ada mtasomewa na mweka hazina. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima: maboma ya kale ya Unyamwezi.

Watemi wetu, Mirambo akiwamo hadi alipofariki mwaka 1884, walikaa ndani ya maboma ya miti na udongo, mengi yakizungukwa na handaki. Miti imeoza na kuta zimelika kwa mvua. Kilichobaki ni tuta fupi lililozibwa na miombo, na mtu hulivuka bila kulitambua.

Ndiyo maana tumefuatilia upimaji wa ardhi kwa leza kutoka angani. Ndege au droni hurusha mapigo ya mwanga maelfu kwa maelfu kila sekunde na kupima muda yanaotumia kurudi. Mengi hugonga majani, machache hupenya hadi chini. Programu ya kompyuta huyatenga yaliyogonga miti, na sura ya ardhi tupu ikajitokeza, hata mwinuko mdogo sana. Kwa njia hiyo, katika miji ya kale ya Caracol, nchini Belize, mwaka 2009, na Angkor, Kambodia, mwaka 2012, zilionekana barabara na matuta chini ya msitu. Jirani zetu Uganda wana ngome ya kale ya udongo, Bigo bya Mugenyi, yenye mahandaki ya zaidi ya kilomita 10. Kwetu wakati mzuri ni Agosti, majani yakiwa yamepukutika na nyasi zimelala.

Wapo wanaotaka tuchangishe fedha za droni mara moja. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Leza huonyesha umbo. Aliyechimba na lini alichimba tutajua kwa wazee na kwa wanaakiolojia. Na tuta lililosawazishwa na trekta halina umbo la kuonyeshwa. Mashamba ya tumbaku yanapanuka, na wafyatua matofali huchota udongo kwenye matuta hayo hayo kwa kuwa ni laini. Kila msimu tunapoteza kipande, na inaniuma.

Napendekeza tuanze na serikali za vijiji: maboma ambayo wazee wametuonyesha yawekewe alama na yasilimwe kabla mvua za Novemba hazijaanza. Sambamba na hilo tuombe kibali cha mambo ya kale na kile cha kurusha droni, ili Agosti ijayo ikifika tusikwamishwe na karatasi. Barua zimeshaandikwa, zinasubiri kura yenu leo.

Mwenyekiti,
Tabora