Klabu za upinde zinahitaji watu wazima wa kujitolea

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwazungumzie watu wazima ambao klabu za vijana za upinde na mishale zinawahitaji. Klabu inaweza kuwa na uwanja na vifaa vyote, lakini ikikosa watu wa kusimama nyuma ya mstari wa kulengea hulazimika kuwarudisha watoto nyumbani, kwa kuwa upinde hauachwi mikononi mwa mtoto asiye na msimamizi.

Wengi hujiweka kando wakidhani kazi hii ni ya mabingwa. Anayetazama Olimpiki, ambako shabaha yenye kipenyo cha sentimita 122 huwekwa mita 70 kutoka kwa mlengaji, ana haki ya kuingiwa na hofu. Mtoto anayeanza, hata hivyo, husogezewa shabaha ikawa mita chache tu mbele yake na hupewa upinde mwepesi, na anachohitaji kwa mkufunzi ni subira na macho ya kuona kosa dogo kabla halijawa mazoea. Kwanza hutafutwa jicho lake linalotawala, yaani lile analolitegemea zaidi katika kulenga: hunyoosha mikono yote miwili, huacha tundu dogo kati ya viganja, hutazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha huirudisha mikono polepole usoni bila kukipoteza kitu kile. Mikono huishia kwenye jicho moja, na hilo ndilo litakaloamua upinde ushikwe kwa mkono upi. Zoezi hili mtu mzima yeyote hulijua kwa dakika chache, nalo humwepusha mtoto na miezi ya kukosa shabaha bila kujua sababu.

Sehemu nzito ya kazi ni usalama, na hapa sioni nafasi ya kulegeza chochote. Filimbi mbili zinawaita walengaji mstarini, moja inawaruhusu kulenga, tatu zinawatuma kuchukua mishale, na tano au zaidi zinasimamisha kila kitu papo hapo. Watoto hushika ishara hizi upesi. Kinachowashinda ni kutembea. Furaha ya kuona mshale umeingia katikati huwafanya watake kukimbilia shabaha, ilhali mikia ya mishale imechomoza kuwaelekea, mara nyingine kwa kimo cha macho yao. Wakati wa kuing'oa pia lazima mtu mzima ahakikishe hakuna aliyesimama nyuma ya anayevuta. Mkufunzi mmoja hawezi kuangalia mstari, shabaha na kundi linalosubiri kwa wakati mmoja, hata awe hodari kiasi gani.

Sisemi kwamba kila anayejitokeza apokelewe. Klabu inapaswa kuchunguza mwenendo wake, kumpa mafunzo, na kutomwacha peke yake na mtoto. Mkufunzi naye amwombe mtoto ruhusa kabla ya kumgusa bega au kiwiko ili kumrekebisha. Mwenye nia njema hatayaona masharti haya kuwa dharau.

Ninawaomba basi wazazi wanaowaleta watoto wao mazoezini, na kuwasubiri hadi wamalize, wawaulize viongozi wa klabu ni lini mafunzo ya wakufunzi yataanza, kisha wajiandikishe.

Wasalaam,
Mkufunzi wa kujitolea